Kontesti za Jumamosi

Ukitaja Manyatta, mtu wa Nairobi anakumbuka tairi zinazowaka Kondele na vitoa machozi. Mimi nakumbuka pia Jumamosi za kontesti.

Kontesti ndilo jina letu la chemsha bongo kati ya shule za upili: fizikia, kemia, biolojia, fasihi. (Ya fasihi walimu waliiita kongamano, na wakaivalia tai.) Shule moja inaalika, zingine zinakuja, kila moja inatoa wachache wa kukaa mbele. Mwalimu anasoma swali, mwingine anaandika alama ubaoni, na ukumbi mzima umeshazijumlisha kabla yake.

Mchezo wenyewe umetoka mbali. Don Reid aliubuni kuwachangamsha wanajeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1953 ukaingia redio ya NBC, Marekani, kwa jina College Quiz Bowl. Uingereza ikaanza University Challenge mwaka 1962. Ghana wana shindano la sayansi na hesabu la shule za sekondari tangu 1993, na fainali yake hushangiliwa kama mechi ya mpira. Sisi kwenye TV tuliona la vyuo vikuu, Celtel Africa Challenge, baadaye Zain, John Sibi-Okumu akiuliza kwa ile sauti ambayo hata ukikosea inasikika kama pongezi.

Ila kontesti yetu haikuwa na habari na mji mkuu wa Mongolia. Iliuliza KCSE, mtihani uliofanywa mara ya kwanza 1989. Toa sifa nne za Amani katika Kidagaa Kimemwozea. Sifa bila mfano, sufuri.

Na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Maseno ilianzishwa 1906, ikamsomesha Jaramogi Oginga Odinga. Sisi tulikuwa dei skula, stima ikipotea tunasomea koroboi. KCSE inapima wastani wa shule nzima, na huko hatungewaweza wakubwa. Kontesti ilitaka watatu wazuri na asubuhi moja nzuri tu. Siku tulipoipita shule moja kubwa ya bweni kwa alama 2 za kemia, tuliimba kwenye matatu mpaka kondakta akadai nauli ya kelele.

Nauli, kwa kweli, ndiyo iliyotuchagulia timu. Bingwa wetu wa biolojia, msichana aliyeuza omena na mamake jioni, aliachwa mara mbili kwa kukosa shilingi 150. Alama hizo hazikuandikwa ubaoni.

Sasa KCSE ya mwisho inatarajiwa 2027, na Gredi ya 10 ya mtaala mpya imeingia tangu Januari 2026. Nilimuuliza mwalimu mmoja jirani yetu atayafanyia nini maswali ya zamani yaliyojaa kabatini. "Ya kufungia mandazi," akasema, kisha akanionyesha daftari jipya. Swali la kwanza: kwa nini gugu maji linastawi hivi Ghuba ya Winam, na mtaa wako unachangia nini? Sehemu ya alama bado ilikuwa tupu.