Kutoka Mlangoni Hadi Madhabahuni

Makanisa mengi siku hizi yanajenga njia ya mteremko kando ya ngazi, na ni jambo jema. Lakini mara nyingi njia hiyo inaishia kwenye viti vya waumini. Mimbarini bado kuna ngazi, na anayetumia kitimwendo huelewa mara moja kwamba alitarajiwa kuja kusikiliza, si kuhubiri.

Kwa Wakatoliki, ngazi hiyo ilikuwa hata ya kisheria. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilimzuia kupewa upadri mtu ambaye ulemavu wake ungemfanya ashindwe kuhudumu altareni kwa usalama au kwa heshima. Sheria mpya za 1983 ziliacha kizuizi hicho. Miaka 13 kabla yake, Cyril Axelrod wa Afrika Kusini, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa tayari padri. Baadaye akapoteza na uwezo wa kuona, lakini utume wake kwa viziwi haukukoma.

Waorthodoksi humbatiza mtoto mchanga, wakampaka mafuta matakatifu na kumpa Ushirika kabla hajajua kusema. Mwenye ulemavu wa akili hasubiri kufaulu chochote ndipo ale. Kwetu Walutheri, njia ya kufika mezani hupitia darasa la kipaimara, na katekisimu ya kukariri. Mwalimu mwenye huruma humpitisha mtoto mwenye ulemavu huo. Mwalimu mkali humrudisha nyumbani. Hilo linaniuma, maana ni Walutheri hao hao walioanzisha shule ya wasioona Irente, Lushoto, kama Waanglikana walivyofanya Buigiri, Dodoma. Tukiweza kumfundisha mtu kusoma Breli, tunashindwaje kumpa somo la Jumapili alisome mbele ya usharika?

Katika baadhi ya mikutano ya maombezi hali ni ngumu zaidi: asiyeinuka kwenye kiti chake huambiwa imani yake ni haba. Anaondoka na mzigo ambao hakuja nao.

Waislamu wana kumbukumbu ambayo sisi Wakristo tungefaa kuitazama kwa makini. Ibn Umm Maktum hakuwa akiona, na Mtume Muhammad alimfanya mwadhini wa Madina pamoja na Bilal. Katika Ramadhani, Bilal aliadhini usiku ungalipo. Watu waliendelea kula daku hadi waisikie sauti ya Ibn Umm Maktum. Mji mzima ulifunga kwa sauti ya mtu asiyeiona alfajiri, na hadithi zinaeleza ilivyowezekana: hakuadhini mpaka aambiwe kumekucha. Hakuna aliyemwondolea kazi kwa kumhurumia. Waliokuwa karibu naye walikuwa macho yake, naye akawa sauti yao.

Mpango wa namna hiyo unawezekana katika usharika wowote: mkalimani wa lugha ya alama anayelipwa kama mpiga kinanda anavyolipwa, Biblia ya Breli kando ya ile ya kawaida, mimbari iliyoshushwa, na jina la mwenye ulemavu kwenye zamu ya wahubiri.