Kugeuza mashine ya kukereza iendeshwe kwa kompyuta

Kugeuza mashine ya kukereza iendeshwe kwa kompyuta ni kazi ya kuchukua mashine ya mkono ya kukereza chuma (kerezo) na kuifungia mota, waya na programu, ili kisu kisogezwe kwa maagizo ya kompyuta badala ya magurudumu yanayozungushwa kwa mikono. Kazi hii hufanywa na viwanda vidogo, vyuo vya ufundi na pia mafundi wa nyumbani, kwa sababu mashine mpya ya aina hiyo ni ghali, ilhali mashine za zamani mara nyingi zina mwili imara wa chuma cha kalibu.

== Historia ==

Mwingereza Henry Maudslay alijulikana kwa mashine ya kukatia nyuzi za skrubu aliyoitengeneza mnamo mwaka 1800. Uendeshaji kwa namba ulianza Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kutokana na wazo la John T. Parsons. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu. Baadaye kompyuta ndogo zilichukua nafasi ya utepe. Leo ziko programu huria kama LinuxCNC, na Grbl iliyoanza mwaka 2009 kwa ajili ya bodi ndogo za Arduino.

Nchini Tanzania, mashine za kukereza zilienea kupitia karakana za reli, viwanda vya umma na vyuo. Kiwanda cha Mang'ula mkoani Morogoro kilijengwa kwa msaada wa China wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA. Kile cha Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai, kilijengwa kwa ushirikiano na Bulgaria. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, na vyuo vya VETA vimeendeleza ufundi huu mikoani.

== Matumizi katika nyanda za kati ==

Mikoa ya Dodoma na Singida hulima alizeti kwa wingi, na mashine za kukamua mafuta huhitaji matengenezo ya mara kwa mara. Mhimili uliolika hujazwa kwa kulehemu, kisha hukerezwa hadi kipimo chake. Mashine za kusaga nafaka, pampu za visima na matrekta huleta kazi za namna hiyohiyo.

Hapa inafaa kutofautisha kazi mbili. Mhimili mmoja uliovunjika hukerezwa haraka zaidi kwa mkono, kwa kuwa kuandika programu na kupanga vipimo huchukua muda. Kompyuta hufaa pale vipande vingi vinapotakiwa kufanana, kama bushi 50 za ukubwa mmoja. Kwa sababu hiyo mafundi wengine huacha magurudumu ya mkono mahali pake baada ya mageuzi.

== Sehemu zinazobadilishwa ==

Mashine ya kukereza ina mielekeo miwili. Z hufuata urefu wa kitanda, na X hukata kuelekea katikati ya kipande. Kila mwelekeo hupewa mota yake.

* Mota ya hatua. Aina ya kawaida hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200.
* Skrubu ya gololi. Huchukua nafasi ya skrubu ya kawaida, ambayo nati yake huwa na ulegevu. Mota hugeuka kidogo kabla kisu hakijasogea, na kipimo hupotea.
* Kisoma mzunguko. Hufungwa kwenye mhimili mkuu. Bila hicho kompyuta haijui kipande kiko wapi katika mzunguko, hivyo haiwezi kurudia njia ileile ya uzi wa skrubu.
* Swichi za kikomo. Huzuia kisu kupita mwisho wa njia yake.

== Mfano wa hesabu ==

Skrubu inasogeza kisu milimita 5 kwa kila mzunguko. Mota ina hatua 200, na kiendeshi chake hugawa kila hatua mara 8. Kwa hiyo mzunguko mmoja ni hatua ndogo 1,600, na milimita moja ni 1,600 ÷ 5 = 320. Namba hii ndiyo huandikwa katika programu. Ikikosewa, kila kipimo kitakosewa kwa kiwango kilekile.

Kasi ya mhimili hupatikana kwa kugawanya 1,000 × kasi ya kukata kwa π × kipenyo. Chuma laini cha kipenyo cha milimita 30, kikikatwa kwa mita 30 kwa dakika, huhitaji mizunguko takriban 320 kwa dakika. Kisu kikisogea milimita 0.15 kwa kila mzunguko, agizo «G1 Z-40» kutoka Z2 humaliza njia ya milimita 42 katika muda wa karibu dakika moja.

Wanafunzi hukosea mara nyingi katika X. Kisu kikiingia milimita 0.1, kipenyo hupungua milimita 0.2, kwa sababu chuma hukatwa pande zote mbili.

== Umeme na mazingira ==

Mashine nyingi za viwandani hutumia umeme wa njia tatu, wakati nyumba nyingi zina umeme wa njia moja wa volti 230. Kigeuzi cha masafa huweza kuendesha mota ndogo ya njia tatu kutoka kwenye umeme wa nyumbani, mradi mota hiyo iweze kuunganishwa kwa volti 230.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, mota za hatua zisizo na kisoma nafasi hupoteza mahali zilipokuwa. Ni lazima kisu kirudishwe kwenye alama ya mwanzo kabla ya kuendelea. Mashine iwe na swichi inayobaki imezimwa mpaka ibonyezwe tena. Bila hiyo, umeme unaporudi mashine huanza kuzunguka huku mkono wa fundi ukiwa ndani.

Katika kiangazi cha Dodoma vumbi ni jingi. Likichanganyika na mafuta juu ya reli za kitanda hula chuma kama msasa, na vipande vidogo vya chuma vikiingia kwenye kisanduku cha umeme huleta shoti. Kisanduku hufungwa vizuri, na reli hufutwa kila siku kabla ya kutiwa mafuta mapya.

== Usalama ==

Mashine ya kompyuta haihisi mkono wala nguo. Kitufe chekundu cha kusimamisha huwekwa mahali panapofikika bila kuinama juu ya kipande, na hukata umeme wa mota moja kwa moja, si kupitia programu. Glavu, mikono mirefu ya nguo na nywele zisizofungwa haziruhusiwi. Ufunguo wa taya za kushikia chuma huondolewa kabla ya kuwasha. Programu mpya hujaribiwa kwanza bila kipande, kisu kikiwa mbali.

== Tazama pia ==

* Elimu ya ufundi
* SIDO
* VETA
* Alizeti