Mistari 65,536: Historia ya Zana za Kutengeneza Majedwali Makubwa

Oktoba 2020, Uviko-19 ukiwa umepamba moto, mamlaka ya afya ya umma ya England ilitangaza kwamba watu 15,841 waliokutwa na virusi hawakuwa wameingia kwenye takwimu za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuwa yakimiminwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, xls, ambazo karatasi moja haipokei zaidi ya mistari 65,536. Ilipojaa, majina yaliyofuata yaliachwa nje. Wenye majina hayo walipewa majibu yao, lakini waliokuwa wamekutana nao walichelewa kutafutwa, na katika ugonjwa wa kuambukiza siku chache ni nyingi mno.

Kinachouma ni kwamba dawa ya tatizo hilo la faili ilikuwepo. Tangu 2007 Excel ilikuwa na muundo wa xlsx, wenye nafasi ya mistari 1,048,576.

Muundo huo uliwafaa sana pia waandishi wa programu. Faili ya xls ilikuwa rundo la baiti zisizosomeka kwa macho, na walioandika maktaba za mwanzo, kama Apache POI ya lugha ya Java iliyoanza 2001, iliwabidi wazichambue kwa subira. Faili ya xlsx ni zipu tu: ukiifungua unakuta maandishi ya XML. Ndipo lugha ya Python ikapata maktaba ya openpyxl, kisha, mwaka 2013, XlsxWriter ya John McNamara.

Lakini mistari milioni ina gharama yake. Maelezo ya openpyxl yenyewe yanasema faili ya megabaiti 50 huweza kula kumbukumbu ya gigabaiti 2.5. Kwa tatizo la aina hiyo, POI ilileta njia iitwayo SXSSF, ambayo kwa kawaida hushika mistari 100 ya mwisho tu na kuisukuma mingine kwenye diski. XlsxWriter nayo ina hali ya kushika mstari mmoja kwa wakati. Ukichagua njia hizi, mstari ulioupita huwezi kuurudia kuurekebisha.

Makro, yaani maagizo yanayohifadhiwa ndani ya jedwali ili kazi ijifanye yenyewe, ndizo ngumu zaidi. Programu ya majedwali ya Lotus 1-2-3 ilikuwa nazo tangu 1983, na Excel ikapewa lugha ya kuziandikia, VBA, mwaka 1993. Ndani ya faili ya xlsm, ndugu ya xlsx inayobeba makro, katikati ya XML yote ile, makro hukaa kwenye vbaProject.bin, faili ya baiti ya mtindo uleule wa zamani. XlsxWriter haiandiki makro. Mtu huziandika ndani ya Excel, huzichomoa kwa programu ndogo iitwayo vba_extract.py, kisha huzipachika kwenye jedwali jipya. Kwa openpyxl, kiolezo hufunguliwa kwa agizo la keep_vba. Ukilisahau, makro hazitakuwemo kwenye faili utakayohifadhi.

Usalama nao umebana mambo. Kirusi cha kompyuta kiitwacho Laroux kilisambaa kupitia makro za Excel mwaka 1996, na mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzizuia makro za faili zinazotoka kwenye intaneti.

Kwa jedwali kubwa lenye makro zilezile kila mwezi, XlsxWriter ndiyo chaguo bora kwa anayetumia Python. Openpyxl humfaa mwenye kiolezo cha kuhariri. Kabla ya yote, mhusika amuulize atakayeipokea faili kama kompyuta ya ofisi yake inaruhusu makro.