Kihisi na kitambuzi si kitu kimoja

Tukitafuta Kiswahili cha sensor, neno sensa limekwishapata kazi. Tanzania ilipohesabu watu Agosti 2022 na kupata 61,741,120, neno hilo lilisikika kila redio ilipowashwa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Fundi friji akimwambia mwenzake "sensa imekufa" wanaelewana, maana wamesimama mbele ya friji. Mwandishi wa kitabu cha fizikia hana friji ya kumwonyesha msomaji. Akiandika "sensa za wodini", wengi watadhani wagonjwa wamehesabiwa.

Wapo waliojaribu kihisishi. Hilo nalo lina mwenyewe: kila mwanafunzi wa sekondari amefundishwa kwamba lo!, ala! na salale! ni vihisishi. Yamebaki maneno mawili yanayogombea nafasi moja, kihisi na kitambuzi, na ukiiweka simu yako kwa Kiswahili huenda ukakutana na hilo la pili. Mimi natetea kihisi. Sababu yangu iko ndani ya vifaa vyenyewe, katika kazi vinayoifanya na ile visiyoifanya.

Kihisi ni kitu ambacho hali fulani ikibadilika, iwe joto, mwanga, uzito au unyevu, nacho hubadilika kwa namna inayoweza kupimwa kwa umeme. Chukua mizani ya dijitali ya dukani. Chini ya sahani kuna kipande cha alumini kilichobandikwa utepe mwembamba wa metali, wenye mistari inayokwenda na kurudi. Ukiweka mzigo, alumini inapinda kiasi kisichoonekana kwa macho, utepe unavutika, unakuwa mrefu na mwembamba zaidi, na ukinzani wake kwa umeme unaongezeka kwa sehemu ndogo sana ya asilimia. Utepe wa namna hiyo ulibuniwa Marekani mwaka 1938 na watu wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake. Mpaka leo ndio unaopima sukari ya robo kilo, na ndugu zake wanene hupima malori barabarani.

Utepe haujui kilo. Haujui kama juu ya sahani kuna sukari au kuna mkono wa muuzaji ulioegemea. Umevutika tu. Kinachogeuza mvutiko huo kuwa kilo ni kompyuta ndogo iliyo pembeni, ikifuata ulinganisho uliofanywa kwa mawe ya uzito unaojulikana. Kiswahili chetu kinazitenga hatua hizo mbili bila taabu. Mtu akisema usiku "nahisi kuna mtu nje", bado hajasema ni nani. Akisema "nimemtambua", keshamlinganisha na mtu aliyemjua kabla.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Katika oksimita inaweza kugusa uhai wa mtu.

Oksimita ni kile kibanio cha kidoleni kinachoonyesha asilimia ya oksijeni katika damu. Wakati wa UVIKO-19 kiliingia hata majumbani. Upande mmoja kina taa mbili: moja nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na nyingine ya infraredi, karibu nanomita 940, ambayo jicho haliioni. Upande wa pili kuna diodi inayopokea mwanga uliopenya kidole. Himoglobini isiyo na oksijeni hunyonya zaidi mwanga mwekundu, na iliyobeba oksijeni hunyonya zaidi ule wa infraredi. Tatizo ni kwamba mwanga hunyonywa pia na ngozi, nyama, mfupa na damu ya vena.

Aliyetatua tatizo hilo ni Takuo Aoyagi, mhandisi wa kampuni ya Nihon Kohden ya Japani. Alikuwa akishughulika na jambo jingine, kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo, kwa kutia rangi katika damu na kufuatilia mwanga unaopita sikioni. Mapigo ya moyo yalikuwa yakimharibia kazi, kwa sababu kila pigo lilitikisa mstari wa kipimo chake. Ndipo alipoona kwamba mtikisiko ule unatoka katika damu ya ateri, ile inayoingia kwa mapigo, ilhali ngozi na mfupa hazipigi. Ukichukua sehemu inayopanda na kushuka peke yake, umeitenga ateri na vyote vinavyoizunguka. Alilieleza wazo hilo hadharani mwaka 1974. Nalihesabu kati ya mawazo mazuri kabisa katika tiba ya karne iliyopita.

Sasa angalia kilichohisiwa. Diodi imehisi mwanga. Haijahisi oksijeni. Ile 97 inayoonekana kwenye kioo imepatikana kwa kugawanya mtikisiko wa taa moja kwa wa nyingine, kisha kutafuta jibu katika jedwali lililohifadhiwa ndani ya kifaa. Jedwali hilo hutengenezwa kwa watu wa kujitolea: wanapunguziwa oksijeni kidogo kidogo katika maabara, wanachukuliwa damu ya ateri, na matokeo ya damu yanalinganishwa na ya mwanga. Kwa miaka mingi wengi wa waliojitolea walikuwa na ngozi nyeupe.

Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakiongozwa na Michael Sjoding, walichapisha ulinganisho wa vipimo vya oksimita na vya damu ya ateri. Miongoni mwa wagonjwa ambao oksimita iliwaonyesha kuwa kati ya asilimia 92 na 96, kiwango halisi kilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, na kwa asilimia 3.6 tu ya weupe. Kwa maneno mengine, oksimita iliwapa matumaini watu waliokuwa wakiishiwa oksijeni, na ikawapa zaidi weusi. Hili linatuhusu sisi moja kwa moja, maana vifaa hivyohivyo viko katika wodi zetu.

Muuguzi anayejua kwamba kifaa chake kinahisi mwanga hupata maswali ya kuuliza. Je, mikono ni ya baridi, damu haifiki vizuri vidoleni? Je, bibi harusi huyu ana piko au rangi nzito ya kucha inayozuia mwanga? Ajaribu kidole kingine, au sikio. Na mgonjwa akihema kwa shida huku kioo kikisema 94, amwamini mgonjwa, apeleke damu maabara inapowezekana. Aliyeambiwa kwamba kifaa "kinatambua oksijeni" hana pa kuanzia kukihoji.

Simaanishi kwamba kitambuzi ni neno baya. Lina mahali pake, na mahali pazuri ni mashine ya alama za vidole, ambayo Watanzania wengi waliizoea katika usajili wa laini za simu ulioanza Mei 2019. Humo mna vitu viwili. Kioo na kamera ya chini yake ni kihisi: mwanga unarudi kwa namna moja pale matuta ya ngozi yanapogusa kioo, na kwa namna nyingine penye mabonde. Kisha programu inatafuta mahali matuta yanapokomea au kugawanyika, na kulinganisha na alama zilizohifadhiwa. Hiyo ndiyo kitambuzi hasa.

Mkulima au fundi mwashi ambaye matuta ya vidole vyake yamelika kwa jembe na saruji anaweza kukataliwa kwa sababu mbili tofauti. Pengine picha imetoka na mistari iliyokatika. Hapo kioo kifutwe, kidole kiloweshwe kidogo, au kijaribiwe kingine. Au picha imetoka vizuri kiasi, lakini ufanano haukufika kiwango kilichowekwa na wenye programu, na kiwango hicho ni uamuzi wa watu: kikiwa juu mno, mwenye haki anarudishwa nyumbani, kikiwa chini mno, mwingine anapita kwa jina lake. Kwa hiyo anayepokea malalamiko ya namna hiyo hana budi kuandika mambo mawili, kila moja mahali pake: kihisi kilileta picha gani, na kitambuzi kiliwekewa kiwango gani, na nani.