Sangara, Furu na Hoja ya Kuyaachia Maumbile

Wapo wanaoshikilia kwamba maumbile yaachwe yaamue yenyewe: anayeshinda ashinde, anayetoweka atoweke. Hoja hii ina nguvu Serengeti, simba anapomwangusha ndama wa nyati na askari wa hifadhi akabaki ndani ya gari. Ikifika Ziwa Victoria, inayumba.

Sangara hakufika ziwani humo kwa miguu yake. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutoka Ziwa Albert miongoni mwa maji mengine, kwa hesabu ya watu waliotaka samaki mkubwa mahali pa furu wadogo wasio na soko. Mwanabiolojia Geoffrey Fryer alionya mwaka 1960, hakusikilizwa. Katika miaka ya 1980 sangara alitapakaa, na kati ya spishi za furu zinazokadiriwa kufikia 500, nyingi hazikuonekana tena. Kumwita sangara mshindi wa maumbile ni kumpa kombe mkimbiaji aliyeshushwa na gari hatua chache kabla ya utepe.

Wala si meno yake peke yake yaliyowamaliza furu. Dume la furu hujipamba kwa buluu au wekundu, na jike huchagua kwa rangi. Maji yakishachafuka kwa mwani unaostawishwa na majitaka, mbolea na udongo wa mashambani, jike hatofautishi. Spishi mbili huchanganyika hadi kuwa moja. Isitoshe, furu alianikwa juani akakauka, ilhali sangara ana mafuta mengi, hivyo hubanikwa, na kuni za kumbanika hukatwa kandokando ya ziwa hilo hilo, udongo ukabaki wazi kusombwa majini.

Je, sangara aondolewe? Haiwezekani, na hata ingewezekana ingekuwa dhuluma kwa wanaoishi kwa minofu na mabondo yake. Lakini tusidanganyane kwamba tumekaa kando. Sangara alipovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu walianza kurejea Ghuba ya Mwanza katika miaka ya 1990. Kanuni ya kutovua sangara wa chini ya sentimita 50, ili wachanga wakue, naiunga mkono kwa ajili ya wavuvi. Hata hivyo ni ulinzi wa mwindaji, si wa anayewindwa, na anayelindwa ni yule anayeleta fedha za kigeni. Furu hana kanuni yake.

Kwa hiyo ninachodai ni kuingilia pale tulipoharibu: kwanza kwenye maji yaliyochafuka, kisha kwenye maeneo ya miamba ambako sangara hawindi kwa urahisi na furu wengi wamenusurika, ambayo yatengwe kuwa hifadhi. Gharama ibebwe kwanza na miji na viwanda vinavyomwaga majitaka ziwani, kabla ya kumfuata tena mvuvi ambaye wavu wake haramu wa kokoro umekwisha kuchomwa moto.