Barua Iliyokwisha Kutumwa

Kila mwaka wanafunzi wangu huniuliza utawala wa sheria huanzia wapi. Hutarajia nitaje katiba; mimi huwasimulia habari za sataranji.

Mwaka 1824 Klabu ya Sataranji ya Edinburgh, iliyokuwa na umri wa miaka 2 tu, ilianza kupambana na Klabu ya London, iliyoundwa mwaka 1807. London ilikuwa makao ya mfalme na bunge. Miji hiyo imeachana kwa takriban kilomita 640, na reli kati yao haikuwapo bado. Kila hatua iliandikwa kwenye barua, ikachukuliwa na magari ya farasi ya posta. Michezo 5 ilichukua miaka 4.

Katika mchezo mmoja, London iligundua kwamba imetuma hatua mbaya, ikaomba kuirudisha. Edinburgh ikakataa: barua imekwisha kutumwa. Hapakuwa na shirikisho la kukatia rufaa. FIDE iliundwa mwaka 1924, karne nzima baadaye. Kilichozifunga klabu hizo ni maandishi yao wenyewe. London ilinung'unika, lakini haikususa. Mwaka 1828 Edinburgh ilikuwa imeshinda michezo 2, imeshindwa 1, na 2 ilikuwa sare. Ufunguzi uliotumika katika pambano lile hadi leo huitwa wa Kiskoti. Baadaye, kati ya 1834 na 1836, Paris nayo iliishinda klabu ya Westminster ya London kwa barua, na kinga iliyotumika ikabaki na jina la Kifaransa.

Nina sababu ya kuikumbuka barua ile. Nikiwa kijana nilikuwa katibu wa chama kimoja. Baada ya kura, mwenyekiti aliniomba "nirekebishe" muhtasari ili uamuzi uliopita uonekane haukupita. Nilirekebisha. Kikao kilichofuata, wajumbe waliokuwa wameinua mikono yao walisomewa jambo wasilolipitisha. Tangu siku ile hakuna aliyeyaamini makabrasha yetu, hata yale yaliyokuwa ya kweli, nami sikuwa na la kujibu.

Mkubwa hupimwa siku anapoambiwa na mdogo kwamba lililoandikwa limeandikwa. London ilikipita kipimo hicho, ijapokuwa kwa shingo upande. Nawe, ndugu mtumishi wa umma, utakayeletewa jalada kesho na kuombwa uchomoe karatasi moja, kumbuka kwamba hapo mwamuzi ni wewe mwenyewe.