Fahamu Ontolojia na Nafasi Yake katika Usimamizi wa Data za Utafiti

Ontolojia, katika fani ya usimamizi wa data, ni mfumo rasmi unaobainisha dhana zinazotumika katika taaluma fulani, maana ya kila dhana na uhusiano uliopo baina ya dhana hizo. Neno hilo lina asili yake katika falsafa, ambako huhusu elimu ya kuwepo kwa vitu.

Umuhimu wake unaonekana wazi katika utafiti wa muhogo. Zao hili hushambuliwa na magonjwa mawili makuu ya virusi, yaani batobato na michirizi kahawia. Watafiti wanapopima batobato, wapo wanaohesabu asilimia ya mimea iliyoambukizwa, na wapo wanaopima ukali wa dalili kwa alama kuanzia 1, yaani mmea usio na dalili, hadi 5, yaani mmea ulioathirika vibaya. Daftari likiandikwa "batobato: 3" bila maelezo zaidi, msomaji hawezi kujua ni alama au ni asilimia. Kwa michirizi kahawia tatizo ni kubwa zaidi, kwa kuwa majani yanaweza kuonesha dalili hafifu ilhali mizizi imekwisha kuoza ardhini. Hivyo ni lazima ifahamike kilichopimwa ni jani au mzizi.

Ili kuondoa utata huo, taasisi za utafiti wa kilimo zilizo chini ya CGIAR ziliandaa Ontolojia ya Mazao. Katika mfumo huo, kila kipengele cha data hufafanuliwa kwa mambo matatu: sifa inayopimwa, mbinu ya kuipima na kipimo kinachotumika. Kila kipengele hupewa namba ya utambulisho, na majina ya lugha mbalimbali yanaweza kuunganishwa na namba hiyo moja. Kwa njia hiyo, kompyuta huweza kukusanya matokeo ya majaribio ya nchi kadhaa na kulinganisha yale tu yanayolingana.

Utaratibu huu ulitanguliwa na ule wa elimu ya viumbe. Mwaka 1998, wasimamizi wa hifadhidata za jeni za nzi wa matunda, hamira na panya walianzisha Ontolojia ya Jeni baada ya kubaini kuwa kazi ileile ya jeni ilielezwa kwa maneno tofauti katika kila hifadhidata. Ontolojia hiyo hueleza jeni kwa mihimili mitatu: kazi ya molekuli, mchakato wa kibiolojia na sehemu ya seli inamofanyika kazi hiyo.

Hata hivyo, ontolojia haisahihishi kipimo kilichochukuliwa kimakosa, wala haiwezi kurejesha maelezo ambayo hayakuandikwa shambani. Jaribio la muhogo huchukua takriban mwaka mmoja hadi kuvuna, na msimu uliopita haurudi. Kwa sababu hiyo, ufafanuzi wa data hupaswa kuzingatiwa tangu siku ya kwanza ya upimaji.

Kwa mwananchi, manufaa yake yamo katika pingili anazopanda. Aina ya mbegu inayopendekezwa kuwa kinzani kwa ugonjwa hutokana na ulinganisho wa majaribio mengi. Ulinganisho huo ukichanganya vipimo visivyofanana, mkulima ndiye atakayegundua kosa wakati wa kuvuna.